Isale la Kona ya Chini

Elisaria alitunza makaburi ya vita ya upande wa Themi, mjini Arusha, tangu ujana wake mpaka nywele zikaanza kumwacha, na katika muda wote huo sikupata kumwona akikanyaga nyasi zile bila kuvua kofia. Hata mvua ikinyesha alivua. Alifika upande wa pili kichwa kimelowa chapachapa, akaivaa kofia kavu juu yake, akaendelea na kazi kama mtu aliyeshinda jambo.

Makaburi yenyewe si makubwa. Wengi waliolala pale walikuja na vita ya kwanza ya Wazungu, wakati Waingereza na Makaburu waliposhuka kutoka Longido kuwafukuza Wajerumani. Mgeni aliyeingia akitarajia habari za mapigano alitoka na habari za tumbo. Elisaria alipita naye mstari kwa mstari akionyesha kwa kidole: huyu malaria, huyu kuhara, huyu malaria, huyu alipigwa teke na nyumbu. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache, na aliwaonyesha mwishoni ili mgeni asiondoke amevunjika moyo. Mwanzoni askari hao walizikwa pale walipoangukia, mashambani na kando ya njia. Vita ilipokwisha wakakusanywa na kupangwa katika mistari iliyonyooka kuliko yoyote waliyowahi kuipanga wakiwa hai.

Kila asubuhi aliwasalimia kwa vyeo. Askari wa kawaida walipata habari za asubuhi kwa pamoja. Koplo alipata ya peke yake. Kapteni alipata shikamoo, ingawa kapteni huyo alikufa akiwa kijana kuliko mtoto wa kwanza wa Elisaria. Jioni alifunga nyasi alizokata nyuma ya baiskeli na kupanda nazo hadi nyumbani kwake Ambureni, ambako ng'ombe wake alikuwa amenenepa kwa nyasi za heshima mpaka majirani wakawa wanakuja kumtazama.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikuwa sawa na taratibu. Kwenye kona ya chini, karibu na mto, palikuwa na kipande cha ardhi kisicho na jiwe. Hapo Elisaria alipanda isale, mmea ule wa majani marefu ambao Wameru na Wachaga huupanda mipakani na makaburini. Babu yake alichukuliwa na jeshi la Waingereza kuwa mpagazi katika vita hiyohiyo. Alibebeshwa sanduku la risasi, akaelekezwa kusini, na hakurudi. Wapagazi hawakuwekewa mawe. Elisaria aliona kwamba kama babu hana kaburi, basi walau awe na kona.

Ofisi iliyomwajiri ilikuwa Nairobi, na kila mwaka ilimtuma Mkaguzi. Huyu alikuwa Mkenya, sajenti mstaafu, mwenye sharubu zilizokatwa kwa usawa uleule aliotaka nyasi zikatwe. Alikuja na futi ya chuma mfukoni. Mwaka wa kwanza alipoliona isale alifungua ramani ya makaburi, akatafuta, akasema kwamba mmea huo haumo kwenye ramani na uondolewe. Elisaria akaitika. Tangu hapo, asubuhi ya ukaguzi aling'oa isale, akalificha ndani ya ndoo nyuma ya kibanda cha vifaa, na Mkaguzi akishaondoka alilirudisha. Isale ni mmea usiokufa kirahisi, nao ukazoea safari zake.

Kikaja kipindi cha ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mji wa Arusha ukajaa vibanda, mitumba ikamwagwa kila penye uwazi, na mtu aliyekuwa akipanga foleni ya sabuni sasa alisimama dukani akishindwa achague ipi. Pamoja na neema hiyo likaja neno la kupunguza watu kazini. Lilianzia viwandani, likapita maofisini, na mwaka wa tisini na tatu likamfikia Elisaria. Nairobi waliandika kwamba makaburi yasiyotembelewa na watu hayatakuwa tena na mtunzaji wake. Yatapewa kampuni yenye mashine za kukatia nyasi, ambayo itapita mara moja kwa mwezi na kufuata ramani. Mkaguzi angekuja Jumamosi ya pili ya Septemba kuona kama kuna mtu yeyote anayefika pale.

Elisaria alinisomea barua hiyo akiwa amekaa kwenye toroli. Ng'ombe angemtafutia majani mengine, alisema, na hata yeye mwenyewe angepata la kufanya. Lakini kampuni itafuata ramani.

"Na babu hayumo kwenye ramani," alisema.

Wakati huohuo binti yake Elieshi alikuwa akiolewa. Mchumba wake, Reginald, alitoka katika familia ya Kichaga yenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na walikuja Ambureni kuleta posa na pombe ya mbege kwenye madumu. Mimi nilikuwepo kama jirani, na baadaye nikawa katibu wa kamati ya harusi, ndiyo maana haya yote nayajua.

Katika mazungumzo ya posa baba wa binti hasemi. Anakaa, anasikiliza, na msemaji wake anasema kwa niaba yake. Msemaji wa upande wetu alikuwa Eliud, kaka mkubwa wa Elisaria, mtu mwenye sauti nzuri na asiyependa kushindwa. Upande wa pili walikuwa na msemaji wao pia, lakini alikuwepo Shangazi Agnela, dada wa baba yake Reginald, muuza mitumba. Hakuwa msemaji, ila hakuna aliyekuwa amemwambia.

Shangazi Agnela alieleza duka la kaka yake, bati zilizomo, misumari kwa ukubwa wake, na jinsi linavyotazamana na barabara. Kisha akauliza kwa upole upande wetu tuna nini mjini. Eliud alikunywa kidogo, akafuta midomo.

"Mdogo wangu ana bustani Themi," alisema. "Nyasi zake ni zulia. Waridi za kila rangi. Akisema usiingie, hata mkuu wa wilaya anabaki nje."

Katika maneno hayo ni neno "ana" tu lililokuwa na kasoro. Elisaria alimtazama kaka yake kwa macho makali, lakini mila ilikuwa imemfunga mdomo.

"Basi picha za harusi tutapigia kwa mkwe wetu," alisema Shangazi Agnela. "Tulikuwa tunaenda kubanana pale Mnara wa Saa kama watu wasio na ndugu."

"Karibuni sana," alisema Eliud.

Elisaria akakohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi.

"Hata mwenyewe mnamsikia," Eliud akasema. "Anakubali."

Pombe ikanywewa juu ya neno hilo, na neno lililonywewa pombe ya posa halirudishwi. Wageni walipoondoka Elisaria alimfuata kaka yake hadi kwenye migomba.

"Kaka, umewaahidi makaburi."

"Nimewaahidi bustani. Hawakuuliza chini kuna nini."

Tarehe ya harusi ilipangwa na kanisa. Usharika ulikuwa na nafasi Jumamosi moja tu, ile ya pili ya Septemba, na tulikuwa tumeshachapa kadi wakati barua ya Nairobi ilipofika. Elisaria alikuja mbele ya kamati akaomba isogezwe. Wajumbe walimtazama kama mtu aliyeomba mlima Meru usogezwe. Ukumbi ulikuwa umeshikwa, matarumbeta yameshachukuliwa, na mbuzi wa ndafu tayari anajulikana kwa sura. Nikaandika kwamba ombi limesikilizwa kwa huruma.

Ikabidi aende kwa Shangazi Agnela mwenyewe kumwambia ukweli. Alimkuta katikati ya marobota akizitikisa suruali ili zionekane mpya. Alivua kofia. Akaeleza bustani ni nini, nani wamelala humo, Mkaguzi anakuja kufanya nini na siku gani, na kwa nini anaomba harusi ikapige picha mahali pengine. Babu na kona alivitaja mwishoni, kwa sauti ndogo.

Shangazi Agnela alikaa kimya, jambo lililowashtua hata wauzaji wa jirani.

"Hizo waridi zipo kweli?" aliuliza.

"Zimechanua zote."

"Na huyo afande anataka kuona watu wanafika."

"Ndiyo, mama. Asipoona watu nimekwisha."

"Baba Elieshi, wewe unatafuta wageni, mimi nina harusi nzima ya watu, halafu umekuja hapa kuniomba nisiwalete." Akatikisa suruali nyingine. "Unajua kulinda. Kuuza hujui kabisa."

Elisaria alifikiri usiku kucha na asubuhi akaja na masharti. Hangemdanganya Mkaguzi. Kwa hiyo kama wanakuja wawe wageni wa kweli: kila mtu apewe kaburi lake, alijue jina la aliyelala, asimame hapo kwa adabu, asikanyage. Hakuna kupiga kelele. Matarumbeta yaingie yakiwa yameinamishwa midomo chini. Shangazi Agnela alikubali yote na kuyapeleka kwa ukoo wake kama maagizo ya bustani ya kifahari. Wengi waliona ni mtindo mpya wa mjini na wakapenda.

Jumamosi ilipofika, Elisaria alitoka kanisani kabla ya kila mtu. Akasimama kwenye lango la makaburi, suti ya baba wa bibi harusi mwilini na kofia ya kazi mkononi, akawa anawagawia wageni askari. Shida ilianza mara moja. Mjomba wa Reginald alipewa koplo, kisha akachungulia mstari wa mbele akaona shemeji yake amepewa luteni. Akatoka kwenye kaburi lake, akaenda langoni kulalamika kwamba yeye ndiye aliyemsomesha kijana. Elisaria akambadilishia. Wengine nao wakaanza kuulizana vyeo. Binamu mmoja alikataa kabisa askari wa kuhara na akadai wa risasi. Baba yake Reginald alipewa kapteni bila mjadala, akasimama pale tumbo mbele, akiwa na uso wa mtu aliyempata wa hadhi yake. Eliud alipewa yule wa nyumbu, na Elisaria hakukubali kumbadilishia.

Derick, kiongozi wa matarumbeta, aliwapanga vijana wake kando ya lango. Ndafu alibaki nje. Nyuma ya pikapu kulikuwa kumejaa ngoma, hivyo mbuzi huyo mzima wa kuchoma, amepiga magoti kwenye sinia na majani mdomoni, aliketishwa kiti cha mbele, akafungwa mkanda.

Mpiga picha ndiyo kwanza alikuwa amemweka Elieshi kati ya waridi, gauni limetandazwa kwa uangalifu lisimguse yeyote aliyelala, Mkaguzi alipoteremka kwenye teksi. Alipita kando ya pikapu, akasimama, akatazamana na ndafu kwa muda, kisha akaingia.

Ndani alikuta makaburi yake yana watu. Kila jiwe lilikuwa na mtu mbele yake, wanaume kwa suti, wanawake kwa vitenge vya sare, wamenyamaza, wameinamisha vichwa. Mkaguzi alitoa futi mfukoni, akairudisha.

Kosa lililofuata lilikuwa la Derick. Alipomwona mtu mwenye sharubu na mwendo wa kijeshi alidhani ndiye mgeni rasmi, akawapa vijana ishara. Wimbo pekee wa taratibu waliojua ulikuwa ule wa kumwingiza bibi harusi. Tarumbeta ilipolia, Mkaguzi akabana visigino, akanyoosha mgongo na kupiga saluti. Hakuwa amekusudia, mwili wenyewe ndio uliokumbuka. Mambo yalikwenda vizuri ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili mpiga ngoma alishindwa kujizuia, akaongeza mwendo, na mabega ya ukoo mzima yakaanza kucheza juu ya makaburi huku vichwa bado vimeinama. Mkaguzi alibaki kwenye saluti kwa sababu muziki haukuwa umekwisha, na sharubu zake zikawa zinafuata ngoma.

Muziki uliponyamaza, Elisaria alikwenda mbele ya Mkaguzi.

"Ni nini hii?" aliuliza Mkaguzi.

"Harusi ya binti yangu, afande. Na ni wageni wa makaburi pia. Waulize."

Mkaguzi alichagua kwa makusudi mtu aliyeonekana hajui kitu, akasimama mbele ya Shangazi Agnela, aliyekuwa na kilemba kipana kuliko jiwe alilolisimamia. Akamuuliza huyu ni nani.

"Huyu ni wangu," alisema Shangazi Agnela, akamtajia jina lote, kwa matamshi ya Machame. "Ana miaka kumi na tisa. Malaria. Hakuoa, baba. Kijana wa watu amekaa hapa miaka yote hii hajaona hata kigelegele. Ndiyo tumemletea harusi."

Mkaguzi alisogea kwa mwingine, na mwingine, na kila mmoja alimtaja wake. Eliud alieleza habari za teke la nyumbu kwa marefu na mapana, akaongeza mambo ambayo hayapo popote. Hivyo wakaenda, mstari kwa mstari, Elisaria akimfuata nyuma na moyo ukimtulia kidogo kidogo, mpaka walipofika kona ya chini.

Isale lilikuwa pale. Kwa haraka za asubuhi, tai, viatu na machozi ya mama Elieshi, Elisaria alikuwa amesahau kuling'oa. Lilikuwa kubwa na kijani na limestawi, na lilionekana wazi kwamba halikuota juzi.

Mkaguzi alifungua ramani. "Nilisema hii kitu itolewe."

"Ulisema, afande."

"Kila mwaka nakuja, sioni."

"Kila mwaka nalitoa, afande. Ukiondoka nalirudisha."

Wageni wa mistari ya karibu waliacha makaburi yao wakasogea. Elisaria akasema yaliyobaki, palepale, mbele ya wakwe zake. Alisema kwamba hapo hapana mtu, na kwamba babu yake alibeba risasi za hawa hawa waliolala hapa, hawakumwandika mahali popote, na yeye hakujua sehemu nyingine ya kumweka. Kisha akakata jani moja la isale, akalikunja fundo kama ilivyo desturi, akavua kofia na kulitoa kwa mikono miwili.

Mkaguzi, akidhani anakabidhiwa ushahidi, alilipokea.

Vigelegele vikapasuka kutoka kona hadi langoni, na Derick, bila kujua ni nini, akaanzisha wimbo wa haraka.

"Amepokea," Shangazi Agnela aliwatangazia walio mbali. "Yamekwisha."

"Nimepokea nini?" aliuliza Mkaguzi.

Akaelezwa. Baba yake Reginald, akiwa mtu mzima mwenye kapteni, alimfafanulia taratibu kwamba aliyekosa akileta jani la isale, aliyekosewa husamehe, na akishalipokea kesi hiyo haifunguliwi tena, wala na yeye wala na wanawe.

"Na nisingepokea?"

Baba yake Reginald aliwaza. Alisema hajapata kusikia mtu aliyejaribu.

Mkaguzi alisema kuna makosa yametokea, akanyoosha mkono kumrudishia Elisaria jani lake. Elisaria akaweka mikono nyuma. Mkaguzi akamgeukia baba yake Reginald, naye mikono nyuma. Akajaribu kumpa Eliud, mpiga picha, hatimaye bibi harusi mwenyewe, na Elieshi akaficha mikono ndani ya gauni pamoja na maua yake. Mkaguzi alizunguka na jani mkononi katikati ya makaburi, na kila alikoelekea watu walirudi nyuma kwa adabu, wakiangalia wasikanyage.

Mwishowe alisimama mbele ya isale. Akavua kofia yake ya sajenti. Sijui alimwambia nini yule babu, na sikuuliza. Aliporudi alikuwa ameliingiza jani mfukoni, pamoja na futi.

Alikwenda nasi ukumbini. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya pikapu, kwa hiyo alibanana kiti cha mbele na ndafu hadi mjini, na nasikia hawakusemeshana.

Elisaria hakupunguzwa. Nairobi waliandika kwamba makaburi ya Themi yanatembelewa vya kutosha. Shangazi Agnela huenda kila Novemba kumpelekea kijana wake maua, na kila Novemba hulalamika kwamba luteni wa jirani amepewa waridi nzuri zaidi. Zimekuja harusi nyingine kuomba kupiga picha, na sharti ni lilelile: kila mtu na askari wake.

Mwaka uliofuata Mkaguzi alikuja na ramani mpya. Kwenye kona ya chini palikuwa na alama ndogo ya kijani, na pembeni yake imeandikwa "mmea wa kudumu". Elisaria hakuwa na habari. Asubuhi hiyo, kwa mazoea, alikuwa ameling'oa isale na kulitia ndooni. Alipoonyeshwa ramani aliomba ruhusa ya dakika chache, akakimbia nyuma ya kibanda, akalirudisha shimoni na kulishindilia kwa kiatu, akihema.

Mkaguzi alishuka hadi kwenye kona, akatoa futi, akapima kutoka ukutani, akatazama ramani, akapima tena. Akasema limesogea, na lirudishwe mahali pake.